Jibu la Nyuma ya Kiwambo

Mwalimu Nagase Teisai alikuwa na maradhi mamoja tu, nayo hayakuwa na dawa: hakuweza kupita mbele ya mlango uliofungwa bila kujiuliza kuna nini ndani. Mkewe, Osayo, alizoea kusema kwamba siku mumewe atakapokufa atachelewa kufika huko aendako, kwa sababu atasimama njiani kuuliza barabara ile imechongwa na nani. Teisai hakukasirika. Alisema hilo ni swali la maana.

Udadisi huo ndio uliompa ugali, au tuseme wali, maana alikuwa akilipwa kwa mchele. Alikuwa msomi wa mafundisho ya Konfusio, mhenga wa China, na kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa nyumba ya Kurose, watawala wa jimbo dogo la milimani kaskazini, lenye theluji nyingi na mpunga haba. Bwana Yoritaka wa Kurose, kama watawala wenzake wote, alilazimika kuishi mwaka mmoja jimboni kwake na mwaka mmoja Edo, mji mkuu, chini ya jicho la Shoguni, jemadari aliyetawala Japani yote. Alipokuwa Edo, kila asubuhi Teisai aliketi mbele yake wakafungua kitabu. Walisoma kidogo, wakabishana sana. Teisai alimfundisha kwamba kila kitu duniani kina sababu yake, na kazi ya mtu ni kukitazama mpaka sababu ichoke kujificha. Alimfundisha pia kwamba kila kitu kiitwe kwa jina lake, kwa sababu nchi ambayo mwizi anaitwa mlinzi haitadumu. Bwana Yoritaka alikuwa kijana bado, miaka thelathini na kidogo, mwepesi wa kucheka, na alimpenda mwalimu wake kiasi cha watu kuona wivu.

Sasa ulikuwa mwezi wa baridi kali, na kwa siku kadhaa Teisai alikuwa akirudishwa mlangoni na vitabu vyake kwapani. Kwanza aliambiwa Bwana ana mafua. Kisha aliambiwa Bwana amelala. Kisha aliambiwa Bwana hajambo, lakini hataki kuonana na mtu. Mwenye akili timamu angeondoka akaenda kuota moto. Teisai aliketi barazani, akakunja mikono ndani ya mikono ya joho, akaanza kutazama.

Aliona trei ya chakula ikiingia chumbani kwa Bwana na kutoka tupu. Wali umeliwa, supu ya maharage imenywewa, na achari ya figili imefagiliwa yote. Hapo Teisai alikunja uso. Bwana Yoritaka na figili walikuwa maadui tangu utotoni. Harufu yake tu ilimfukuza mezani. Nani basi aliyeila?

Aliona pia moshi wa ubani ukipenya kwenye nyufa za milango, mzito, asubuhi na mchana. Aliona mganga akiingia mikono mitupu na kutoka mikono mitupu. Na kutoka upande wa wanawake, kila alasiri, alisikia kinanda cha nyuzi. Aliyekipiga alikuwa Ochika, binti wa pekee wa Bwana, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa akipiga nyimbo za furaha, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeagizwa.

Lakini jambo lililomkalia kooni Teisai lilikuwa mkaa. Kila chumba katika jumba lile kilikuwa na seredani yake, na watumishi walipita asubuhi nzima na vikapu vya mkaa. Walipeleka kwa wazee wa baraza, walipeleka kwa makarani, hata chumba cha viatu kilipelekewa. Chumba cha mgonjwa walikipita. Theluji ilikuwa imefunika bustani, maji ya birika yalikuwa yameganda, na mgonjwa hakuwa akipelekewa moto.

Teisai alilizungusha jambo lile kichwani, upande huu na upande ule, kwa ile raha ndogo aliyoipata kila alipokaribia kufumbua fumbo. Kisha sababu ikachoka kujificha. Mtu asiyehitaji moto katika baridi kama ile, mtu ambaye moto ungemharibu, ni mtu wa aina moja tu. La kuvunda halina ubani, walisema wahenga, na hapa walikuwa wakijaribu vyote viwili, ubani na baridi.

Raha ikamtoka. Alimpenda kijana yule kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa alijiona mjinga kwa kuufurahia uerevu wake.

"Mwalimu," sauti nzito ikasema nyuma yake, "watu wenye umri wako hawakai barazani kwenye theluji. Utaondoka na mapafu yako mkononi."

Alikuwa Hosaka Tatewaki, waziri mkuu wa nyumba ya Kurose, mtu mnene mwenye shingo fupi na maneno mafupi. Mama yake ndiye aliyemnyonyesha Bwana Yoritaka, kwa hiyo wawili hao walikuwa ndugu wa ziwa moja. Hosaka na Teisai walikuwa wameketi baraza moja kwa miaka bila kupendana. Hosaka aliwaona wasomi kuwa ni watu wanaokula mchele wa wengine na kuwaeleza namna mchele unavyoota.

"Hosaka," Teisai alisema taratibu, "tangu lini unapenda hivyo achari ya figili?"

Hosaka alitazama kulia na kushoto, akamshika msomi mkono, akamwingiza chumba cha pembeni na kuvuta mlango.

"Tangu Bwana aliposhindwa kuila," akasema. "Trei ikirudi na chakula, watumishi watasema. Wakisema watumishi, soko litasema. Nimekula kwa ajili ya watu wawili mpaka mshipi haufungi. Umeridhika? Umeshachungulia?"

"Lini?"

"Usiniulize lini. Siku ile ya theluji ya kwanza. Alisimama kuvaa, akashika kifua, akaketi. Basi." Uso wake mnene ulitetemeka kidogo, kisha ukatulia. "Na neno lile usilitamke. Katika nyumba hii hakuna aliyelitamka bado. Mkewe amekatazwa kulia. Binti hajaambiwa, nimemwambia baba yake anapenda kumsikia akipiga kinanda."

Teisai alifumba macho. Kinanda kilikuwa kikisikika hata pale, chepesi na cha furaha, na moyo wake uliuma kwelikweli.

Hakuhitaji kuelezwa sababu. Sheria ya Shoguni ilijulikana na kila mwenye upanga: mtawala akifa bila mrithi aliyeandikishwa, jimbo lake linachukuliwa, na watu wake wote wanatawanywa. Samurai wa Kurose, wake zao, wazee wao, wangeamka siku moja bila bwana, bila mchele na bila paa, waanze kuuza panga zao kwa wenye maduka ya rehani. Mlango mmoja tu ulibaki wazi. Mtawala aliye mahututi angeweza kuomba aandikishiwe mtoto wa kulea, ilimradi yu hai na anataka mwenyewe. Serikali ingemtuma mkaguzi ahakikishe mambo hayo mawili.

"Ombi nimeshalipeleka," Hosaka alisema. "Tumemwandika Tomonosuke, mwana wa pili wa nyumba ya Mibe. Atamwoa Ochika na kuchukua jina la Kurose. Yule yule."

Yule yule. Maneno hayo yalimpiga Teisai kuliko kama angetukanwa. Miaka mitatu nyuma, Bwana Yoritaka alikuwa amemwita na kumwambia anafikiri kumchukua Tomonosuke awe mkwe na mwana. Kijana mzuri, familia nzuri, na Bwana hakuwa na mtoto wa kiume. Japani nzima ilifanya hivyo. Maseremala walifanya, wauza miso ya maharage walifanya, hata nyumba kubwa za panga zilifanya. Lakini Teisai alikuwa amekwenda kabatini kutafuta vitabu vyake vya China, akarudi na jibu: mizimu ya ukoo haipokei chakula kutoka mkono wa damu nyingine. Tusubiri, Bwana, bado u kijana, atazaliwa mwana. Hosaka alipiga kelele barazani siku ile mpaka sauti ikamkauka. Bwana alimsikiliza mwalimu wake, wakasubiri.

"Unataka nini kwangu?" Teisai aliuliza.

"Uso wako."

"Uso wangu?"

"Mkaguzi anayekuja kesho ni Kuwayama Ukon. Alihudhuria mihadhara yako, si ndiyo? Anamwambia kila mtu kwamba katika Edo nzima kuna mtu mmoja asiyesema uongo, naye ni Nagase Teisai. Nataka ukae mbele ya kiwambo na huo uso wako wa ukweli. Usiseme kitu. Kaa tu."

"Na akiniuliza?"

"Hawaulizi! Mwalimu, hii ni desturi. Mkaguzi anakuja, anasema maneno yake, nyuma ya kiwambo mgonjwa anaitikia kwa sauti dhaifu, mkaguzi anaandika, anakunywa chai, anakwenda zake. Unafikiri nyumba ngapi za Edo zimepita mlango huo?"

Teisai alikuwa na majonzi, lakini maradhi ni maradhi. "Anayeitikia huwa nani?" aliuliza.

"Mimi. Nitakuwa nyuma, nimemshikilia aketi. Sauti yake naijua tangu tunagombania ziwa la mama yangu. Nilikuwa nikimwiga mbele ya walimu wetu, na mimi ndiye niliyekuwa nachapwa."

Nyumbani, Osayo alimpakulia mumewe chakula cha mchana, akamtazama akisukuma samaki pembeni ya sahani.

"Huyo samaki amekukosea nini?"

"Sina hamu."

"Una msiba," Osayo alisema. Hakuwa mwanamke wa kuzungukwa. "Mfiwa katika vitabu vyako hali samaki wala nyama. Umeula mchicha wote, umemwacha samaki. Mwenye macho yake atajua kuna maiti mahali fulani."

Ikabidi amweleze. Osayo alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa macho kwa mkono wa joho, kisha akakasirika.

"Ulimpa yule kijana maneno ya kitabu ukasahau kuitazama nyumba. Wewe, unayetazama kila kitu! Unatazama kuvu kwenye jiwe siku nzima!"

"Najua."

"Na kesho?"

"Maisha yangu yote nimefundisha kwamba kitu kiitwe kwa jina lake, Osayo. Nikikaa pale, nitakuwa nimekaa juu ya kila neno nililolisema."

"Kalia basi. Lina joto?" Akamsogezea sahani. "Kaka yangu yumo katika watu wa Kurose. Binti zake wawili wamo. Kesho Bwana mkaguzi akiletewa chakula, mtaletewa nyote, na atakuwapo samaki. Umle. Umesikia, mzee? Umle na mifupa."

Alisikia. Alikusudia hasa kumla.

Kuwayama Ukon alifika asubuhi yenye jua jeupe juu ya theluji, pamoja na karani na wafuasi wachache. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye nyusi zilizoinuka kama za mtu aliyetoka kuambiwa jambo la ajabu. Alimwinamia Teisai kwa heshima ya mwanafunzi, akasema hajasahau mhadhara ule juu ya sababu ya birika kuimba. Waliketishwa chumba cha wageni pamoja na wazee wawili wa baraza. Mmoja wa wazee hao akaeleza kwamba Waziri Hosaka anaomba radhi, yuko ndani anamshikilia mgonjwa. Chakula kikaletwa. Juu ya kila trei kulikuwa na samaki wa kuchoma, amekunjwa mkia kwa ajili ya heshima.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Kuwayama aliuliza juu ya barabara za milimani, wazee wakamjibu. Teisai naye akajibu swali moja juu ya kalenda, na swali lilikuwa tamu, akajisahau ndani yake. Mkono wake wa kulia, uliofundishwa tangu ujana namna ya kumwombolezea mzazi na bwana, ukafanya kazi yake bila kumuuliza mwenyewe. Uliposimama, wali ulikuwa umepungua, mboga zimekwisha, na samaki alikuwa amesogezwa ukingoni mwa sahani na kufunikwa kwa jani.

Kuwayama alimtazama samaki. Kisha akamtazama Teisai.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "una msiba?"

Mzee mmoja wa baraza aliacha kutafuna. Yule mwingine aliinua kikombe akakisahau hewani. Teisai alimtazama samaki wake chini ya jani. Alimkumbuka Osayo, akajilaani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wao walikuwa wakikificha kifo chenyewe.

"Nina jambo ninalolijutia, Mheshimiwa," alisema mwishowe. Na hilo lilikuwa kweli. "Mtu anayejuta hana hamu ya samaki."

"Jambo gani? Samahani, naona nakudadisi. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha."

Teisai akaeleza, kwa kuwa ukweli ndio uliokuwa karibu na mdomo. Alisema ombi ambalo Mheshimiwa amekuja kulikagua lilitakiwa kuandikwa miaka mitatu iliyopita, Bwana Yoritaka akiwa mzima anapiga mishale. Bwana alitaka. Ni yeye, Teisai, aliyemzuia kwa maneno ya vitabu. Kama nyumba ya Kurose leo inaning'inia kwenye uzi, uzi huo ameusokota yeye.

Kuwayama alisikiliza na nyusi zake zimeinuka zaidi. "Ni ajabu," alisema. "Basi hapa nina tatizo, Mwalimu. Ombi linasema Bwana anataka kumchukua mwana wa damu nyingine. Mwalimu wake anasema alimkataza, naye akakubali kukatazwa. Nitajuaje kwamba leo amebadili nia, na si wazee waliombadilishia?" Akasimama, akanyoosha joho lake. "Twende. Utamuuliza wewe mwenyewe. Akikujibu, nitaandika."

Chumba cha Bwana Yoritaka kilikuwa na giza la ubani. Kiwambo cha kukunja, kilichochorwa korongo na matete, kilisimama katikati, na nyuma yake kilionekana kivuli kikubwa kimekumbatia kivuli kidogo. Kuwayama aliketi kwenye mkeka mahali pa mgeni. Wazee waliketi ukutani. Karani akashika brashi. Teisai alipiga magoti mbele ya kiwambo, karibu zaidi kuliko walivyopanga, akaweka viganja chini.

Hakuwa na maneno aliyoyaandaa. Yalimtoka tu.

"Bwana wangu, ni mimi, Teisai. Nilikwambia usubiri. Nilikuwa na vitabu vingi na nilikuwa na hakika. Uliniuliza mara mbili, siku ile: 'Mwalimu, una hakika?' Nami nikaona fahari kwamba nina hakika. Nilikosea, Bwana. Nilikosea, na watakaoumia si mimi. Naomba unisamehe." Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye mkeka, na hakujali ni nani anayemwona. "Leo serikali inauliza. Unamtaka Tomonosuke wa Mibe awe mwanao, ingawa mimi nilikukataza? Nijibu, Bwana."

Akainamisha kichwa, akangoja sauti ya Hosaka.

Haikuja.

Alingoja. Nje, fungu la theluji liliporomoka kutoka kwenye paa. Karani alibadilisha mkono wa brashi. Nyuma ya kiwambo vivuli viwili vilikaa vilevile, havikucheza. Machozi yamemkaba koo, Teisai aliwaza. Maskini, amemshikilia ndugu yake, na mimi nimesema maneno ya kumliza. Sema, Hosaka. Neno moja tu. Guna basi. Mzee mmoja wa baraza alikuwa ameanza kuguna kwa ndani. Kimya kilikuwa kirefu mno sasa, kilikuwa kimepita urefu ambao mgonjwa yeyote angeruhusiwa, na kilikuwa kikijaza chumba.

Teisai aliwaona wote waliokuwa ndani ya kimya kile. Alimwona kaka wa Osayo na wale binti wawili. Aliwaona watu wa barabara za milimani. Alimwona Ochika, aliyekuwa bado anapiga kinanda, upande wa pili wa jumba, akidhani kuna mtu anayesikiliza.

Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nimesikia, Bwana," alisema. "Asante."

Kisha akamgeukia mkaguzi, na kwa ule uso ambao Edo nzima iliuamini, akasema, "Amejibu, Mheshimiwa. Amesema ndiyo, anamtaka."

Nyusi za Kuwayama hazikuinuka tena. Zilishuka, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mzima mwenye kazi ngumu. "Mimi sikusikia kitu," alisema.

"Sauti yake ni dhaifu sana. Mimi nimezoea kumsikia."

Wakatazamana, mwalimu na mwanafunzi wake wa zamani. Teisai hakuangusha macho. Moyoni alikuwa akishangaa jinsi uongo ulivyokuwa mwepesi mdomoni, na jinsi ulivyokuwa mzito mara baada ya kutoka.

"Andika," Kuwayama alimwambia karani. "Bwana yu hai. Ameulizwa mbele yetu, ameridhia." Alisimama, akainamia kiwambo, akainama chini zaidi kuliko inavyotakiwa kwa mgonjwa. "Bwana na apumzike sasa," akasema. "Amechoka sana." Akatoka, na wazee wakamfuata mbiombio kumsindikiza, mmoja wao akilia waziwazi.

Teisai hakutoka. Aliinuka kwa taabu, akakizunguka kiwambo bila kuomba ruhusa ya mtu. Bwana Yoritaka alikuwa ameketishwa, joho zuri mabegani, uso umepakwa poda kidogo. Hosaka alikuwa nyuma yake, amemkumbatia kwa mikono yote miwili, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni katika baridi ile.

Teisai aliutazama uso wa kijana wake mpaka akatosheka.

"Umekufa, Bwana wangu," alisema. Neno lilikuwa limetamkwa.

Kisha akamwambia Hosaka, "Pole. Nilisema mengi. Najua machozi yalikuziba koo."

"Machozi?" Hosaka alisema. Macho yake yalikuwa makavu. "Machozi yangu nilishayamaliza."

"Basi mbona hukujibu?"

"Nilitaka ujibu wewe."

Hosaka aliongea taratibu, kidevu chake kikiwa karibu na nywele za marehemu.

"Miaka yote umekaa juu ya ukweli wako, msafi, na sisi tukikanyaga tope chini yako. Tukidanganya wakopeshaji, tukidanganya serikali, ili wewe upate mchele wa kufundishia ukweli. Alitaka kumchukua yule kijana, ukamkatalia. Mimi nilimpigia kelele, hakunisikiliza. Alikusikiliza wewe, maana alikupenda kuliko alivyonipenda mimi, ndugu yake. Nilipokusikia unalia pale mbele nikasema moyoni: leo kuna mtu atachafuka humu ndani, na safari hii sitakuwa mimi."

Kilikuwa kisu, na Teisai alikiacha kiingie. Hakuona pa kukikinga. Kila kitu kilikuwa kimeitwa kwa jina lake. Lakini hata hapo, na hata akiwa na majonzi yale, maradhi yake hayakumwacha.

"Hosaka," aliuliza, "kama ningesema sikusikia kitu?"

"Ningejibu," Hosaka alisema.

"Ungejibu?"

"Kabla hujafumba mdomo. Nyumba nzima, Mwalimu? Watoto wote wale? Mimi si kichaa. Sauti ilikuwa tayari, ilikuwa hapa." Akagusa koo kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Kwa hiyo uongo wangu haukuhitajika."

"Nyumba haikuuhitaji," Hosaka alisema. Sasa ndipo sauti yake ilipopasuka, na yale machozi aliyosema yamekwisha yakaanza kumtoka, mengi, juu ya mashavu yake manene. "Mimi nilikuwa nauhitaji."

Kinanda kilinyamaza. Walikisikia kinavyonyamaza, na wote wawili walijua kwamba itabidi mtu aende kumwambia Ochika, na kwamba ni wao watakaokwenda.

"Haya, usisimame hivyo," Hosaka alisema. "Mikono imekufa ganzi. Shika upande huo."

Teisai alipiga goti, akampitisha bwana wake mkono chini ya bega, na kwa pamoja wakamlaza.